Vitabu vya Marehemu Viende Wapi? Wakfu wa Vitabu na Maktaba za Umma

 

Mwaka jana, baada ya Swala ya Alasiri katika msikiti mmoja wa Mbagala, walitujia vijana wawili na dada yao. Baba yao, mwenzetu tuliyesoma naye madrasa moja hapa Temeke tangu tukiwa wadogo, alikuwa amefariki siku arubaini na kitu nyuma, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliacha nyumba ya vyumba vinne, kiwanja ambacho hati yake haijakamilika, na vitabu. Nyumba na kiwanja walikwishavizungumza wakaelewana. Vitabu ndivyo vilivyowaleta kwetu. "Baba mdogo," alianza yule mkubwa, "kuna mtu wa makaratasi amepita mtaani, ananunua kwa kilo. Tumeona tusimuuzie kabla hatujakuuliza."

Mtu wa makaratasi msomaji anamjua. Hununua magazeti ya zamani, madaftari ya shule na vitabu, kisha akawauzia wauza karanga na wauza maandazi. Sisi wenyewe tumewahi kununua karanga pale Tandika, na tulipokunjua kile kikaratasi tukakuta ni ukurasa wa sharhe ya Alfiya ya Ibn Malik, mlango wa hali. Karanga tulizila, hatukatai, lakini hazikuwa na ladha.

Tulifuatana na wale watoto mpaka kwao, tukakaa sebuleni tangu baada ya Magharibi hadi karibu saa nne za usiku, tukitoa kitabu kimoja kimoja. Yalikuwa makasha mawili na maboksi manne. Humo mlikuwa na vitabu vya aina nne, na kila aina ina hukumu yake. Makala haya yametokana na usiku ule, kwani kila tulivyozidi kuvipanga tulizidi kuona kuwa suala la wale watoto si la nyumba yao peke yao. Masheikh na walimu wa kizazi chetu wanaondoka mmoja mmoja, na kila mmoja anaacha kasha.

HUKUMU YA KASHA

Aina ya kwanza ni vile ambavyo marehemu aliandika kwa mkono wake katika ukurasa wa mwanzo kuwa ni wakfu kwa wanafunzi. Aina ya pili ni vyake mwenyewe visivyo na maandishi yoyote. Aina ya tatu ni vya watu, vyenye majina ya wenyewe. Aina ya nne kilikuwa kitabu kimoja tu, nacho tutakifikia.

Asili ya wakfu katika Uislamu ni mashuhuri. Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.) alipata ardhi Khaybar, akamtaka ushauri Mtume (S.A.W.), naye akamuelekeza aizuie asili yake na atoe matunda yake sadaka. Ikawa ardhi ile haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Lakini ardhi haihami na haiozi. Kitabu huhamishwa, huraruka, huliwa na mchwa. Ndiyo maana wanachuoni wa mwanzo walikuwa na mazungumzo marefu kuhusu wakfu wa vitu vinavyohamishika. Katika wakubwa wa madh-hebu ya Hanafi, Imam Muhammad bin al-Hasan al-Shaybani, aliyefariki mwaka 189 H. (805), ndiye aliyejuzisha wakfu wa vile ambavyo watu wamezoea kuviweka wakfu, na vitabu vikaingia humo. Sisi watu wa pwani tulio wengi tunamfuata Imam Shafii, na kanuni ya madh-hebu yetu hapa ni nyepesi kuishika: kila kitu kinachonufaisha huku chenyewe kikibaki kinafaa kuwekwa wakfu. Chakula hakifai, kwani manufaa yake ni kukila. Kitabu kinafaa, kwani wakikisoma watu mia moja kinabaki kitabu kile kile, pengine na alama za vidole vya mafuta ya nazi.

Je, maandishi peke yake yanatosha kukifanya kitabu wakfu? Kwa Mashafii maandishi ni kinaya, yaani yanahitaji niya ya mwandishi. Mwandishi keshafariki, niya yake tutaijuaje? Hapo tulitafuta watu. Wanafunzi wake wawili wa zamani, mmoja sasa ana duka la vipuri Tandika, walitoa ushahidi kwamba walimsikia akitamka mbele ya darasa kuwa vitabu vile ni wakfu tangu siku hiyo, na si kwamba viwe wakfu akishakufa. Tofauti hiyo si ndogo. Angesema "nikifa viwe wakfu" ingekuwa wasia, na wasia hauvuki theluthi ya mali ila kwa ridhaa ya warithi. Kwa ushahidi ule, vitabu vya aina ya kwanza vilikuwa vimekwishatoka katika mali yake yungali hai. Havikuwa vya watoto, hivyo hawakuwa na cha kumuuzia mtu wa makaratasi.

Aina ya pili ni mirathi kama mirathi nyingine. Vijana wale, kwa moyo mzuri, walisema tuvitoe vyote sadaka kwa ajili ya mzee. Tuliwazuia. Mdogo wao wa mwisho ana miaka 12, na ndugu hawana ruhusa ya kuitoa sadaka fungu la mtoto ambaye hajabaleghe, hata kama sadaka yenyewe ni ya baba yake. Ilibidi vithaminiwe, fungu la mtoto litengwe, kisha wakubwa wafanye watakalo katika mafungu yao. Aina ya tatu ni amana, nayo hurejeshwa kwa wenyewe. Tulikuta humo kitabu chetu wenyewe, cha sarufi, tulichomuazima mwaka 1994 na ambacho kwa miaka yote tulikuwa tukimdhania mtu mwingine. Allah atusamehe kwa dhana ile.

Wallahu aalam.

KAIRO NA MARW

Usiku ule dada yao aliuliza swali ambalo kaka zake hawakuliuliza. "Sasa hivyo vya wakfu vinakaa wapi? Tukiviacha hapa ndani, mwanafunzi gani atabisha hodi kwetu?" Kitabu cha wakfu kilichofungiwa kashani ni wakfu kwa jina tu. Waislamu wa karne za mwanzo walilijua hilo mapema, na jawabu lao lilikuwa nyumba ya vitabu iliyo wazi kwa watu.

Watu wengi wakitaja maktaba za Waislamu hutaja Baghdad na Baytul-Hikma ya zama za Khalifa al-Maamun, aliyetawala kuanzia 813 mpaka 833. Ni kweli pale palikuwa na kazi kubwa ya elimu na tarjuma. Lakini ilikuwa nyumba ya khalifa na wataalamu wake. Kwa suala letu, mfano ulio karibu zaidi ni wa Kairo. Mwaka 395 H. (1005) Khalifa wa Kifatimi, al-Hakim, alifungua Darul-Ilm, nayo historia ya al-Maqrizi imetuhifadhia habari zake. Iliwekwa vitabu kutoka hazina za kasri, ikatandikwa, ikawekwa watumishi, na watu wa tabaka mbalimbali wakaruhusiwa kuingia, huyu kusoma, huyu kunakili, huyu kusomeshwa. Wino, kalamu na karatasi vilitolewa bure. Msomaji atasema: al-Hakim hakuwa Sunni, na tabia yake ina mengi yaliyosemwa. Tunajua. Lakini mtu aliyekuwa hana fedha ya karatasi aliingia pale akatoka na nukuu zake, na jambo hilo ni historia, haliondoki kwa sababu hatumpendi mwenye nyumba.

Mfano unaotugusa zaidi ni wa Yaqut al-Hamawi, mwenye kamusi kubwa ya miji. Yaqut alikuwa mtumwa aliyenunuliwa na mfanyabiashara wa Baghdad, akasomeshwa kwa ajili ya mahesabu ya biashara, akaachwa huru, akawa mchuuzi na mnakili wa vitabu. Hakuwa mtoto wa ukoo wa elimu. Alifika Marw, mji wa Khurasan ambao magofu yake leo yako Turkmenistan, akakuta maktaba kumi za wakfu. Anasimulia kuwa nyumbani kwake hapakukosekana juzuu mia mbili au zaidi za kuazima, nyingi kati yake bila ya rehani yoyote, na thamani yake ilifikia dinari mia mbili. Fikiria: mgeni, mchuuzi, mtu aliyekuwa mtumwa, anaaminiwa vitabu vya dinari mia mbili abebe mpaka nyumbani! Kutokana na maktaba hizo alikusanya sehemu kubwa ya yale aliyoyaandika. Aliondoka Marw mwaka 616 H. (1219) akiwakimbia Watatari, na miaka miwili baadaye mji ukateketezwa pamoja na vitabu vyake. Mengi ya yaliyokuwamo tunayajua leo kwa sababu mtu mmoja aliruhusiwa kuazima.

Wanachuoni hawakuiacha kazi ya kuazimana bila adabu. Badruddin Ibn Jamaa, kadhi wa Kishafii aliyefariki mwaka 733 H. (1333), ameweka mlango mzima wa adabu za vitabu katika kitabu chake cha adabu za mwalimu na mwanafunzi. Anapendekeza mtu aazime vitabu vyake pale pasipo na madhara. Anamtaka aliyeazimwa asikikawize baada ya haja yake kwisha, asiandike pembeni bila idhini, asimuazime mtu wa tatu, na amshukuru mwenyewe. Kisha anashuka katika mambo madogo madogo yanayoonyesha kuwa kadhi huyu aliwajua wanafunzi: kitabu kisifanywe mto wa kulalia, kisifanywe pepeo, kisifanywe kasha la kutilia makaratasi, kisitumiwe kuulia kunguni, na kona za kurasa zisikunjwe. Tulipowasomea hayo vijana wa darasa letu walicheka, kisha mmoja akautazama msahafu wake uliokuwa na risiti tatu za M-Pesa ndani, akanyamaza.

PWANI YETU

Katika pwani yetu kitabu kilikuwa cha kusafiri nacho. Kilitoka Hadhramaut, Kairo na Bombay pamoja na bidhaa nyingine, au kilinakiliwa kwa mkono hapa hapa. Zanzibar ilipata kiwanda cha kupiga chapa katika zama za Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, na miongoni mwa vilivyochapwa pale ni Qamus al-Sharia, kitabu kikubwa cha fiqhi ya Ibadhi. Lamu, katika msikiti na madrasa ya Riyadha iliyosimamishwa na Habib Swaleh, kuna mkusanyo wa vitabu vya mkono ambavyo vingi vina maandishi ya wakfu, mtu kaandika kuwa kakitoa kwa ajili ya wanafunzi. Ni maandishi yale yale ya mwenzetu wa Mbagala. Katika muongo wa 2010 vitabu hivyo vilipigwa picha chini ya mradi wa British Library wa kuhifadhi kumbukumbu zilizo hatarini, na sasa kijana aliyeko Temeke anaweza kuvifungua kwenye simu. Havikusalimika kwa bahati. Vilikuwa wakfu, na mahali pa wakfu palikuwa na watu.

Vingine vilisalimika kwa njia isiyotarajiwa. Katika muongo wa 1960 Mwingereza J.W.T. Allen alizunguka pwani akikusanya maandiko ya Kiswahili na Kiarabu kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikiwa bado ni Koleji ya Chuo Kikuu, na orodha ya mkusanyo ule ilichapishwa Leiden mwaka 1970. Kuna wanaokasirika wakisikia kuwa tenzi za bibi zao zilikusanywa na Mwingereza. Sisi hatukasiriki sana. Tunajiuliza tu, je, sisi tungezikusanya? Sheikh Abdallah Saleh Farsy, rahimahullah, alifanya upande wake: mwaka 1972, akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alichapisha kitabu chake kuhusu wanachuoni wa Kishafii wa Afrika Mashariki, na leo tukitaka kujua nani alisoma nini kwa nani, hicho ndicho cha kukimbilia. Lakini ni kitabu cha watu. Makasha ya watu hao yalikwenda wapi, hakuna kitabu kinachosema.

JENGO LA BARABARA YA BIBI TITI

Sasa tuje mjini. Maktaba ya umma, kwa maana ya nyumba inayoendeshwa kwa fedha ya wote na isiyomuuliza mtu dini wala kabila lake, ina historia fupi hapa kwetu. Mwaka 1948 wakoloni walianzisha Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki, ambayo pamoja na kuchapisha ilipeleka vitabu vijijini kwa masanduku na kuwaazima watu kwa njia ya posta. Mwaka 1960 mtaalamu wa maktaba, Sidney Hockey, alitoa ripoti yake kuhusu maktaba za nchi zetu tatu, na baada ya Uhuru Tanganyika ikaifanyia kazi haraka. Sheria ya kuunda Bodi ya Huduma za Maktaba ilipitishwa mwaka 1963. Tarehe 9 Desemba 1967, siku ya kutimiza miaka sita ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa, katika barabara ambayo leo ina jina la Bibi Titi Mohamed. Sheria mpya ikafuata mwaka 1975.

Miaka ile ile ndiyo ya kisomo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mama zetu, waliokuwa wakisoma msahafu lakini hawajui kuandika barua kwa herufi za kirumi, wakakaa madarasani jioni na vitabu vya pamba na afya. Mama yetu mzazi alikuwa mmoja wao. Serikali ilihesabu mwaka 1986 kuwa watu wazima wasiojua kusoma na kuandika hawafiki asilimia 10, ilhali wakati wa Uhuru walikuwa ndio walio wengi. Watu wamezozana kuhusu hesabu hiyo, na pengine ilipambwa kidogo. Mama alikuwa akisoma gazeti, hilo tulikuwa tukiliona kwa macho.

Mwaka huo huo wa 1986, tukiwa na miaka 16, tuliingia Maktaba Kuu kwa mara ya kwanza. Tulikuwa wawili, sisi na marehemu huyu wa Mbagala. Tulikuwa na ubishi wa mwandamo wa mwezi, maana Ramadhani ile watu wa mtaa mmoja walifunga siku mbili tofauti, tukataka kujua mwezi wenyewe unakwendaje mpaka uonekane huku na usionekane kule. Basi la UDA halikuja, tukaenda kwa miguu kutoka Temeke tukiwa na kanzu na kofia zetu, tukafika tumelowa jasho. Mlangoni tuliona haya kuingia. Mama mmoja wa maktaba alitutazama. "Shikamoo mama." "Marahaba, wanangu. Mnataka kitabu gani?" Hatukujua tujibu nini, kwani hatukujua kuwa mtu huulizwa. Tulipomueleza habari ya mwezi hakucheka. Alitupeleka kwenye rafu, akatoa kitabu cha jiografia cha shule chenye picha ya jua, ardhi na mwezi, akatuonyesha na ile Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyokuwa imetoka mwaka 1981, tutazame maneno tusiyoyajua. Tulinakili mchoro ule kwa zamu, kalamu ilikuwa moja.

Maalim wetu alipouona mchoro hakufurahi. Alidhani tumekwenda kujifunza falaki ya kutabiria mambo. Alikaa nao siku mbili tatu, kisha akatuita, akatuuliza mwezi wa siku ya kwanza unakaa muda gani juu ya upeo baada ya jua kuzama. Hatukujua. "Rudini basi," alisema, "mkamuulize huyo mama." Tulirudi.

Tumelisimulia hili kwa sababu bado tunawasikia baadhi ya ndugu wakisema maktaba ya Serikali si mahali pa mwanafunzi wa dini, kwani humo mna vitabu vya kila namna. Ni kweli mna vitabu vya kila namna. Hata maktaba za Marw zilikuwa na mashairi ya ulevi, na Yaqut alisoma alichokitaka. Mateka wa Badr walikuwa washirikina, na wapokezi wa sira wamesimulia kuwa wale wasio na cha kujikomboa walitakiwa wafundishe watoto wa Madina kuandika, kila mateka watoto kumi. Hakuna aliyesema herufi zile zimeingia ushirikina.

MBAGALA MPAKA BUNJU

Lipo dai jingine, na hili tunalikubali. Maktaba ni mbali. Sensa ya mwaka 1967, mwaka uliofunguliwa jengo lile, iliikuta Dar es Salaam na watu wasiofika 300,000. Sensa ya mwaka 2022 imehesabu watu 5,383,728 katika mkoa, wakiwamo 1,346,674 wa Temeke, 982,328 wa Kinondoni na 1,086,912 wa Ubungo, wilaya ambayo miaka kumi na kitu nyuma ilikuwa sehemu ya Kinondoni. Mji umekimbia, jengo limebaki pale pale. Mtoto wa Chamazi au wa Bunju akitaka kwenda Barabara ya Bibi Titi na kurudi, nauli na foleni humalizia siku. Chuo Kikuu kimepata maktaba mpya kubwa iliyozinduliwa mwaka 2018 kwa msaada wa China, lakini ile ni ya wanachuo. Mikocheni kuna Soma, mahali pa vitabu na mazungumzo palipoanzishwa na watu wenye mapenzi ya kusoma, na anayeishi karibu na asiache kupita. Kwa Mbagala hayo ni ya mbali yote.

Hata hivyo hebu tuhesabu upande wetu. Msikiti uko kila mtaa, na kila msikiti una rafu. Katika rafu zile mna misahafu mingi kuliko wasomaji, mara nyingi ya chapa moja, na juu yake vijitabu vilivyobadilika rangi. Hakuna orodha wala daftari la kuazima, na ufunguo wa kabati anao mtu mmoja aliyesafiri. Tumeuliza katika misikiti kadhaa ya Temeke, orodha hatukuiona hata mmoja. Khalifa wa Cordoba al-Hakam wa Pili, aliyefariki mwaka 976, inasimuliwa kuwa orodha peke yake ya vitabu vyake ilikuwa madaftari 44. Sisi tunashindwa daftari moja la shule la kurasa sitini na nne.

Na tujitaje wenyewe. Sheria ya nchi inamtaka mchapishaji kupeleka nakala za chapisho lake Maktaba Kuu, ili lihifadhiwe. Sisi tumechapisha vijitabu vitatu vya fiqhi, vikauzwa nje ya misikiti baada ya Ijumaa, vikaisha. Hatukupeleka hata kimoja. Cha kwanza sasa hatunacho hata sisi. Tumekitafuta kwa watu miaka mitano, na labda kimekwishafungiwa karanga.

KITABU CHENYE MUHURI

Tuliahidi kuitaja aina ya nne. Chini kabisa ya kasha la pili kulikuwa na kitabu cha jiografia, jalada limefungwa kwa gazeti, na ndani yake muhuri wa maktaba ya umma pamoja na karatasi ya tarehe. Tarehe ya mwisho ya kurejesha ilikuwa mwaka 1991. Yule dada alicheka kisha machozi yakamtoka. Kaka yake akauliza lililo zito: je, marehemu ana deni?

Fiqhi ya suala hili ni nzuri. Kwa Mashafii aliyeazimwa kitu huwa na dhamana nacho kikiharibika katika matumizi yasiyo ya ruhusa. Lakini wanachuoni wamekivua kitabu kilichowekwa wakfu kwa Waislamu wote: aliyekichukua naye ni katika wenye haki ya kunufaika nacho, basi kikipotea bila ya uzembe wake halipi. Tunaona kitabu cha umma kinashabihiana na hicho, kwani kimenunuliwa kwa mali ya wote. Ila hapa muda ulipita, na aliyeshikilia kitu baada ya muda aliopewa mkono wake unageuka kuwa mkono wa dhamana. Na madeni ya maiti hulipwa kabla ya mirathi kugawiwa. Kwa hiyo tuliwaambia: kitabu kirudishwe, na kikitajwa chochote cha kulipa kitoke katika tarika kabla ya fungu la mtu yeyote.

Tulikwenda wanne, sisi na wale watatu, asubuhi ya Jumanne, kwa mwendokasi kutoka Mbagala. Mtumishi aliyekipokea alikuwa kijana ambaye mwaka 1991 hajazaliwa. Alikigeuzageuza, akaenda kumuita mkubwa wake, wakakitazama pamoja. Mkubwa akauliza mzee alifariki lini, akatupa pole, akasema hawatudai kitu. Kisha akauliza kama tuna vingine.

Vile vya wakfu, vitabu 83, viko sasa katika kabati la bati kwenye msikiti ule wa Mbagala. Dada yao ndiye aliyeandika daftari, kwa hati safi: jina la kitabu, aliyekichukua, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha. Kabati hufunguliwa baada ya Alasiri kila siku isipokuwa Ijumaa, na ufunguo wanao watu watatu. Tulipopita wiki mbili zilizopita vitabu 11 vilikuwa nje. Kimojawapo ni kile chetu cha sarufi, ambacho tumekiweka wakfu pamoja na vyake, na amekichukua mwanafunzi wa Charambe ambaye amekwishapitisha siku nne.